Ulifikia kwa Nani?

 

Iko karatasi moja ambayo karibu kila mmoja wetu ameisikia ikisomwa: wasifu wa marehemu. Msiba uko Ubungo Kisiwani, Makuburi, Kibangu au Msewe. Turubai limefungwa hadi limeziba njia ya bajaji, viti vya plastiki vimepangwa, masufuria yako uani juu ya mafiga. Kabla mwili haujatoka kwenda kanisani, mjukuu mmoja anapewa kipaza sauti. Anasoma kwamba bibi yetu alizaliwa mwaka 1938 huko Morogoro, alijaliwa watoto 7, ameacha wajukuu 26 na vitukuu 11. Kisha inaanza safari ya ugonjwa: presha ilipopanda, hospitali ya kwanza, hospitali ya pili, wodi, mashine, mpaka saa na dakika ya kukata roho. Karatasi inakunjwa. Amina.

Sasa ipime karatasi hiyo. Miaka zaidi ya 80 imepewa mistari minne, na miezi mitatu ya ugonjwa imepewa ukurasa mzima.

Si kwamba mjukuu yule hakumpenda bibi yake. Aliiandika usiku wa manane, kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mtoto wa shule, kwa tochi ya simu, akipita kwenye mikeka kuuliza. Shangazi, hivi bibi alizaliwa mwaka gani? Shangazi anasema muulize baba mkubwa. Baba mkubwa anasema aliyekuwa akiyajua hayo vizuri ni marehemu mwenyewe.

Na kuna jambo lingine hutokea pale pale kwenye turubai. Jina likitajwa, majirani wanatazamana. Wamekaa naye mtaa mmoja miaka 40 wakimwita Mama Fulani, halafu Bibi Fulani, na jina alilopewa na wazazi wake wanalisikia leo kwa mara ya kwanza, mwenyewe akiwa ndani ya jeneza.

Ninalotaka kusema jioni hii ni hili: historia ya familia zetu nyingi imo kichwani mwa bibi, haimo ofisini, na mwenye haki ya kuiuliza ni mjukuu. Aulize bibi akiwa anakula ugali wake vizuri, si siku ya turubai.

Kwa nini nasema haimo ofisini? Chukua fomu yoyote, ya shule, ya benki, ya pasipoti. Utaandika majina matatu: lako, la baba, la babu. Ukipanda ngazi hiyo unapanda kwa wanaume watupu. Mama anaweza kupata kisanduku chake mahali fulani kwenye fomu. Bibi kwa kawaida hapati hata nukta. Mzaa baba hayumo, mzaa mama ndiyo kabisa.

Ukitokea milima ya Uluguru, kama nilivyotokea mimi kwa upande wa mama, jambo hili linachekesha kidogo. Kwa Waluguru, kama ilivyo kwa Wakaguru, Wakutu na Wazaramo, desturi ya asili ni kwamba ukoo hufuata upande wa mama. Shamba la ukoo lilipita humo, na mwenye kauli juu yako alikuwa mjomba. Kwa hiyo mtu anatembea Dar es Salaam na majina mawili ya wanaume ambao, kwa hesabu ya milimani, si wa ukoo wake, na yule aliyempa ukoo hayupo kwenye kitambulisho. Bibi yangu aliweza kuitaja safu ya wanawake watano, mama wa mama wa mama yake, bila kusita, huku anachambua mchele kwenye ungo. Safu ile haijawahi kuandikwa na karani yeyote.

Lakini bibi ana kalenda yake, na usipoijua utaondoka umeambulia patupu. Ukimuuliza alizaliwa lini atakwambia, “Mjukuu wangu, zamani hizo nani alikuwa anaandika?” Mazungumzo yamekwisha. Muulize matukio. Mimi nilimuuliza ya milimani, akasema, “Matuta yalinikuta nimekaa ndani.”

Maneno manne tu, lakini yafungue uone. Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, eti kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kazi ilikuwa nzito, na wakulima walilalamika kwamba udongo mzuri wa juu unafukiwa, unabaki ule usiozaa. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kuikataa kazi hiyo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukafifia hadi ukaachwa. Na “kukaa ndani” ni uali: msichana akishavunja ungo aliwekwa ndani, miezi hadi miezi, akifundwa na wakubwa zake. Basi kama matuta yalimkuta mwali, alizaliwa karibu na 1940. Kitambulisho chake kinasema 1947. Karani alimtazama usoni, akakadiria, akagonga muhuri. Kati ya karani na matuta, mimi nayaamini matuta.

Wanawake wa rika lake wana kalenda nyingine pia, nayo ni mimba. “Nilikuwa na mimba ya mjomba wako wa pili.” “Mama yako alikuwa anatambaa.” Uhuru, Desemba 9, 1961, kwa mwingine ni mtoto mgongoni na bendera isiyoonekana kwa sababu ya watu waliosimama mbele. Ukizipanga mimba hizo na matukio ya nchi sambamba, unapata miaka bila kumsumbua mtu na tarehe.

Sasa nije kwenye swali ambalo kwa watu wa Ubungo ni ufunguo, kwa sababu wengi wa Ubungo ni wahamiaji, wakiwemo walioingia kwa barabara ya Morogoro. Usiulize tu, “Bibi, ulikuja mjini mwaka gani?” Uliza hivi: “Ulipokuja mjini, ulifikia kwa nani?”

Hakuna aliyefikia hotelini. Kila mtu alifikia kwa mtu. Bibi yangu alifikia Manzese kwa mama yake mdogo, katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na choo uani. Mama mdogo naye alitanguliwa mjini na mume aliyekuwa kuli bandarini. Chumba kimoja, kitanda kimoja cha kamba, pazia katikati. Wageni walilala mkekani, na kila aliyepata kazi alihama akamwachia nafasi anayefuata. Ukilifuata swali hilo unaelewa kwa nini kuna mjomba Mburahati tunayekutana naye misibani tu, na kwa nini kila mchango unapopita hakosi. Baba yake alilala kwenye mkeka ule ule.

Nilipomuuliza ilikuwa lini, alijibu kwa kalenda yake: alikuja na mimba ya mama mkubwa, na kiwanda cha Wachina kilikuwa bado hakijaanza kulia king’ora. Kiwanda cha Wachina ni Urafiki, kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Babu alipata kazi humo, na bibi akapata kazi nje ya geti: uji na vitumbua kwa watu wa zamu. Wa zamu ya usiku wakitoka alfajiri, wa asubuhi wakiingia, wote wanapita kwake. Wengi walikunywa kwa mkopo mpaka mwisho wa mwezi, na kwa kuwa hakujua kusoma, aliandika madeni kwa mkaa nyuma ya mlango wa chumba chake: mstari mmoja kikombe kimoja, na juu ya mistari alama ya mtu. Duara lilikuwa la fundi mwenye kipara. Msalaba ulikuwa wa mlokole mmoja ambaye, bibi alisisitiza, ndiye aliyekuwa msumbufu kuliko wote.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya kisomo yalifunguliwa chini ya miembe, kwenye ofisi za chama cha TANU, viwandani. Bibi akaenda, mtoto mgongoni. Baada ya kujifunza kuandika jina lake, jina la pili aliloliandika lilikuwa la yule mwenye msalaba. Mlango ukapumzika, daftari likaanza. Daftari moja analo hadi leo, limefungwa kwa uzi wa kiroba. Kurasa za mwanzo herufi ni kubwa kama za kibao cha duka, na kuelekea mwisho zimekuwa ndogo na za haraka, za mtu mwenye shughuli. Naweza kusema nimeona mtu akijifunza kuandika kwa kufunua daftari la madeni ya uji.

Na sisi watu wa redio tumo humo pia. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Redio Tanzania ilirusha vipindi, na nchi nzima watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, redio moja katikati na kitabu kimoja mkononi mwa kiongozi, wakajadili malaria, kuhara, vyoo na maji ya kunywa. Baada ya majadiliano lazima kitu kifanyike: choo kichimbwe, madimbwi yafukiwe, maji yachemshwe. Katika kikundi cha bibi, msomaji wa kitabu kwa sauti alikuwa yeye, miaka mitatu tu tangu aache mkaa. Kwenye wasifu wa msibani jambo hilo lingeandikwa wapi? Halina safu yake. Si idadi ya watoto, wala si ugonjwa.

Ikaja miaka ya baada ya vita ya Kagera, ambayo kila bibi wa mjini ana sura yake ndani. Sabuni hakuna, sukari kwa mgao, unga wa njano kutoka Marekani ambao watu waliubatiza unga wa yanga, na foleni ambamo mtu aliacha jiwe au ndala kushika nafasi yake. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvu Kazi, na asiye na kazi inayotambulika akawa anaweza kurudishwa kijijini. Mwanamke wa uji getini ana kazi au hana? Wengi waliokuwa wakipikia barabarani waliingiza majiko uani mpaka upepo upite, na wateja wakawafuata huko huko. Hayo yote yamo kichwani mwa mwanamke ambaye sisi tutasoma kwamba “alikuwa mama wa nyumbani na mjasiriamali mdogo.”

Msikilizaji unaweza kusema, hayo ni ya bibi yako, yanahusu nini taifa? Nikupe mfano wa mtu unayemjua kwa jina la barabara. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha wanawake. TANU ilipoanza mwaka 1954, wanawake maelfu waliingia chamani kwa kupitia vikundi hivyo hivyo vya ngoma na lelemama, kwa sababu tayari vilikuwa na viongozi, na michango, na njia ya kupeleka habari nyumba kwa nyumba. Kwa miaka mingi vitabu vilieleza habari za uhuru kana kwamba ni kazi ya wanaume wachache waliosoma. Katika miaka ya 1980 mwanahistoria Susan Geiger alikaa na Bibi Titi, na wanawake wengine wa umri wake hapa mjini, Kilimanjaro na Mwanza, akawauliza maisha yao: ulizaliwa wapi, uliolewaje, ulicheza ngoma gani, kadi ya TANU uliificha wapi mumeo asiione. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997, na tangu hapo habari ya TANU haisimuliwi tena kama zamani. Chimbuko lake ni bibi kuulizwa.

Mombasa nako walifanya hivyo. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwasikiliza wanawake watatu: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy. Mmoja wao alitokana na watu waliokuwa watumwa, na wengine walitoka katika jamaa za hali nyingine. Mji mmoja, wanawake watatu, na kila mmoja anauona mji wake. Kitabu kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili mwaka 1991, na toleo hilo la pili mimi nalisifu zaidi, maana wajukuu waliweza kukisoma.

Sasa tusijidanganye, kumuuliza bibi si jambo jepesi katika kila nyumba. Ukianza kuuliza shamba la kule lilikuwa la nani, kuna baba mdogo atakohoa. Historia ya familia ni jirani wa mirathi, na wako watu wanaopenda isijulikane vizuri. Kuna ndoa ya kwanza ambayo watoto wa ndoa ya pili hawakuambiwa. Kuna mtoto aliyelelewa kama mdogo wa mama yake. Kuna babu aliyekwenda Nairobi mara moja na hakurudi.

Hapo ndipo desturi zetu zimeweka mlango, na mlango huo umefunguliwa kwa mjukuu. Mtoto hawezi kumuuliza mama yake habari za mchumba wake wa kwanza. Ni kukosa adabu. Mjukuu anaweza, kwa sababu bibi na mjukuu ni watani. Bibi anamwita mjukuu “mume wangu”, anamdai kitenge, anamwambia mke wa mjukuu kwamba yeye ndiye mke mkubwa. Ndani ya utani huo unauliza, “Sasa mke wangu, kabla ya babu alikuwepo nani?” Atacheka, atakupiga kwa ufagio wa chelewa, halafu atakwambia. Na asipotaka kukwambia, mwache. Siri ni mali yake, na utani haukupi ruhusa ya kumkamua.

Watani wa ukoo nao wana kazi yao. Umewaona msibani: mtani anavaa gauni la marehemu, anajifunga kanga yake, anatembea kwa mwendo wake, anadai fedha kwa sauti yake. Waombolezaji wanalia huku wanacheka. Karatasi imesema marehemu alikuwa mpole, mtani anaonyesha alivyokuwa akimfokea muuza mkaa juu ya debe lisilojaa. Ukitaka kumjua bibi alivyokuwa, mfuate mtani baada ya mazishi, mpe soda, mwambie akueleze.

Na sisi wa Ubungo tuna sababu ya kufanya haraka kuliko watu wa mahali pengine. Bibi anasimulia kwa kushika alama: pale kwenye geti, ng’ambo ya stendi, nyumba ya pili kutoka barabarani. Alama zinaondoka. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kandokando ya barabara ya Morogoro kuanzia Kimara zilivunjwa kupisha upanuzi. Mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi Luis mwaka 2021, na mwaka huo huo zikazinduliwa barabara za juu kwenye makutano ya Ubungo. Sizilaani barabara, napita humo kila siku kwa basi la mwendokasi. Nasema tu kwamba ukimpandisha bibi gari ukampitisha pale leo ukamwambia akuonyeshe alipokuwa akiuza uji, anatafuta kwanza. Mpitishe angali anaweza kupatafuta.

Basi ufanyeje? Usimtegee bibi simu usoni kama mwandishi wa habari. Kaa naye anapofanya kazi, achambue mchele, asuke mkeka, akatekate mchicha. Mikono ikiwa na shughuli, mdomo hufunguka. Simu iweke pembeni inarekodi, lakini mwambie inarekodi. Muulize mambo yenye mwili: mlilala wapi, mlikula nini, nani alikufunda, mahari ilikuwa nini na nani aliipokea, kanga ya kwanza kununua kwa hela yako mwenyewe ilikuwa ipi. Muulize mama yake alikuwa mtu wa namna gani, na mama wa mama yake, na andika majina yao yote kama anavyoyatamka. Akikwambia leo hivi na kesho vingine, andika vyote viwili na tarehe uliyoambiwa. Dada yake akibisha, andika na ubishi wa dada yake. Kisha toa nakala mbili, moja ibaki mjini, moja ipelekwe kijijini, kwa sababu simu huibiwa na daftari hunyeshewa.

Na wewe bibi unayenisikiliza, uliyekaa hapo na redio yako Makoka au Mabibo, usisubiri kuulizwa. Mjukuu akija kuomba nauli, mpe, lakini mwambie akae kwanza nusu saa aandike. Nauli kwa ukurasa. Vijana wa siku hizi wanaelewa biashara.

Wanaokwenda kwa bibi Jumapili hii, wabebe sukari, na wabebe kalamu.